Bingwa amestaafu, nani analisha nyumba?

Rocky Balboa amevalishwa ngozi ya mnyama kama mtu wa mapangoni. Mbele yake kuna kamera, pembeni kuna kadi kubwa zenye maneno, na kazi aliyopewa ni ndogo tu: asifie manukato ya kujipaka baada ya kunyoa ndevu. Tatizo ni kwamba kusoma kunampa tabu. Anakwama, anaanza upya, anakwama tena palepale. Mwongozaji wa tangazo anapandisha sauti. Mtu huyu juzijuzi alisimama raundi 15 na bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Leo sentensi moja imemwangusha mbele ya wafanyakazi wanaotazama saa.

Tukio hilo limo katika Rocky II, sinema ya mwaka 1979 ambayo Sylvester Stallone aliiandika, akaiongoza na kuicheza mwenyewe. Hapa Mahagi-Port, Kongo, ukimtaja Rocky, watu wanakunja ngumi. Tangazo la manukato halimo katika Rocky wanayemjua. Na sababu ni mafuta. Katika kumbi za video za kando ya Ziwa Albert, zile za mabati na mabenchi ya mbao, televisheni moja mbele na jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, mtu analipa franga zake aone mapigano. Petroli inayochomwa ina bei yake. Mwenye mashine akiona mazungumzo yamerefuka na vijana wameanza kupiga miluzi, anapeleka mbele. Kwa hiyo harusi ya Rocky na Adrian inapita kama radi, ujauzito hata haujulikani ulianza lini, na mara watu wako ulingoni, ukumbi mzima umesimama.

Kinachorukwa ndicho sinema yenyewe. Rocky ya kwanza, ya mwaka 1976, iliyochukua Oscar ya filamu bora, ilikuwa hadithi ya mapenzi iliyovaa glavu. Ya pili ni hadithi ya ndoa, tena ndoa ya mwanamichezo aliyeambiwa kwamba jicho lake halitavumilia pambano jingine. Rocky anamposa Adrian kwenye bustani ya wanyama, karibu na chui milia. Wanaoana. Fedha za pambano zinaingia, naye anazitumia kama mtu anayeamini kwamba zitakuja nyingine: gari la kifahari ambalo kuliendesha kwenyewe hajakuzoea, koti la ngozi, saa, nyumba. Adrian ana wasiwasi, lakini sauti yake ni ndogo na furaha ya mumewe ni kubwa. Kisha tangazo linaharibika. Kazi ya ofisini anaikosa kwa sababu hana shule. Anaingia kiwanda cha nyama, na huko nako anapunguzwa. Adrian, mimba ikiwa tumboni, anarudi kuuza katika duka la wanyama wa kufugwa alikofanya kazi kabla hajaolewa.

Bwana hataki mkewe arudi dukani. Bwana hana fedha. Hapo sijui kama Stallone alikuwa anaandika habari za Philadelphia au za mtaa wowote ninaoufahamu. Kwa zaidi ya saa moja sinema inazunguka swali moja: jina bado ni kubwa, mfuko umekauka, nani atalisha nyumba? Watoto wanamkimbilia barabarani, watu wanamwita bingwa, naye hana kazi.

Halafu sinema inaogopa. Adrian anaanguka, mtoto anazaliwa kabla ya wakati, mama anapoteza fahamu kwa siku kadhaa, na anapozinduka anamwambia mumewe ashinde. Basi, muziki, mazoezi, ulingo. Katika raundi ya mwisho mabondia wote wawili wako chini, Rocky anainuka kabla hesabu haijafika kumi, na matatizo yote ya nyumba yanamalizwa kwa mkanda wa ubingwa. Ni mwisho mtamu, nami nashangilia kama wengine. Lakini swali halikujibiwa, lilipigwa ngumi. Miaka 27 baadaye, katika Rocky Balboa ya 2006, ndipo tunamwona mzee anayeendesha mkahawa wenye jina la marehemu mkewe, akiwasimulia wateja mapambano ya zamani. Ile ndiyo ilikuwa sehemu ya pili ya kweli. Imechelewa mno, na Adrian hayupo tena kuicheza.

Ziwa letu lina hisa yake katika tabia hii ya sinema. Mwaka 1951 John Huston alileta kamera zake Kongo na Uganda kutengeneza The African Queen, na sehemu ya kazi ilifanyika Butiaba, ng'ambo ya maji, bandari ambayo meli za Waingereza zilikuwa zikitoka kuja Mahagi-Port na Kasenyi. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanafungishwa ndoa na nahodha wa Kijerumani dakika chache kabla ya kunyongwa, meli inalipuka, bibi na bwana harusi wanaogelea kuelekea pwani, mwisho. Ndoa imedumu kiasi cha kulowa. Watakula nini wakifika nchi kavu, Hollywood haikuona kuwa ni kazi yake.

Rocky naye ana asili yake Kongo, ukifuata nyayo vizuri. Stallone alipata wazo baada ya kumtazama Chuck Wepner, bondia ambaye hakuna aliyemtarajia, akipigana na Muhammad Ali Machi 1975 na kufika raundi ya 15. Apollo Creed, mpinzani wa Rocky, ni Ali aliyebadilishwa jina. Na Ali siku hiyo alikuwa na mkanda wa kutetea kwa sababu miezi mitano nyuma, alfajiri ya 30 Oktoba 1974, alikuwa amemwangusha George Foreman katika raundi ya nane, uwanja wa 20 Mai, Kinshasa.

Pambano hilohilo la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ndilo lililomkutanisha Ali na Veronica Porche, mmoja wa mabinti waliochaguliwa kulitangaza pambano, huku yeye bado ni mume wa Belinda. Alimwoa Veronica mwaka 1977. Mwaka 1986, alipokuwa ameshaacha ngumi na madaktari wameshautambua ugonjwa wa Parkinson mwilini mwake, alimwoa Lonnie Williams, jirani wa utotoni kutoka Louisville aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Lonnie alikaa naye hadi Juni 2016, Ali alipofariki. Huyo ni mwanamke aliyeishi na bingwa karibu miaka 30 ambayo hakuna hata raundi moja ndani yake: miaka ya dawa, ya mikono inayotetemeka, ya kusimamia jina na mali. Sasa tafuta filamu kubwa ya Michael Mann iitwayo Ali, ya mwaka 2001, Will Smith akiwa mhusika mkuu. Inaanza 1964, inaishia Kinshasa 1974, mikono juu. Lonnie hayumo. Hata Kinshasa yenyewe, kwa sehemu kubwa, iliigizwa na Maputo.

Na mwaka ule Kinshasa ilikuwa na bingwa wake wa nyumbani.

Machi 1974, Cairo, Zaire na Zambia zilitoka sare ya 2-2 katika fainali ya Kombe la Afrika. Mechi ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire, katika mechi zote mbili, yalifungwa na mtu mmoja: Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, mshambuliaji wa AS Vita Club iliyokuwa imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka uliotangulia. Katika mashindano yale alifunga mabao tisa. Rekodi hiyo ya mashindano mamoja haijavunjwa hadi leo, pamoja na majina yote makubwa yaliyokuja baadaye, na pamoja na mashindano yenyewe kuongezwa timu na mechi.

Juni mwaka uleule Chui wa Zaire walikwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Wakafungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Fedha walizoahidiwa hazikuwafikia. Katika mechi ya Yugoslavia Ndaye alitolewa nje kwa kadi nyekundu ambayo haikuwa yake: aliyempiga teke mwamuzi ni Mwepu Ilunga, mwamuzi akachanganya watu. Rais Mobutu, aliyekuwa amewazawadia wachezaji nyumba na magari baada ya Cairo, akawapa kisogo. Hadi hapo hadithi inajulikana, watu wanaisimulia kwenye baa, wengine kwa kucheka. Mimi napendelea kuanzia pale wanapoishia.

Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, kuenziwa. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha waliona kama mnavyoona wote: mtu maarufu, ametoka nje, lazima ana dola. Hakuwa nazo. Walimpiga risasi mguuni. Alikaa miezi akiuguzwa katika nyumba ya kiongozi mmoja wa michezo. Vita vikafuata, kijana wake mkubwa akauawa, na mwaka 1996 mfungaji bora wa Afrika alikimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi, akiwa peke yake. Johannesburg, kisha Cape Town. Hakuna kazi, na pombe ikawa karibu kuliko watu.

Mwaka 1998, kule Burkina Faso, kwenye Kombe la Afrika jingine, uwanja ulisimama kwa dakika moja ya ukimya kumkumbuka marehemu Ndaye Mulamba, aliyesemekana kufa katika mgodi wa almasi Angola. Alikuwa hai, Cape Town, bila kazi. Sijawahi kusikia mwandishi wa sinema aliyethubutu kubuni tukio la namna hiyo.

Kilichomtoa huko si shirikisho la mpira wala serikali. Familia moja ya mtaa wa watu maskini, nje ya jiji, ilimpokea. Akamwoa mwanamke wa huko. Akaanza kufundisha timu za mtaani. Mwanamke yule hakuolewa na mabao tisa. Majirani zake hawakuwa na habari na Cairo. Alichokiona mbele yake ni mwanaume wa makamo, mgeni, mguu mbovu, bila nyaraka za maana, bila mtaji, mwenye hadithi ambayo kuiamini kunahitaji imani kidogo. Akamchukua. Mwaka 2010, Kombe la Dunia likiwa limeletwa Afrika Kusini, ilitoka filamu ya maisha yake iitwayo Forgotten Gold, kazi ya Makela Pululu, ikimfuata huko uhamishoni na nyumbani Kongo. Baadaye magoti, moyo na figo vilimkaza, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Ukivuka ziwa hili na kuingia Uganda, utakutana na mwenzake. John Akii-Bua, polisi, wa kabila la Lango la kaskazini, ambaye lugha yake na Kialur cha Mahagi-Port ni ndugu. Munich, 1972, alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwenye njia ya ndani kabisa, ile ambayo wanariadha hawaipendi, akamaliza kwa sekunde 47.82. Rekodi ya dunia, na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Idi Amin alimpa nyumba na cheo. Nyumba tena, watawala wetu wanapenda zawadi inayoweza kuporwa.

Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipokuwa unaanguka mbele ya majeshi ya Tanzania, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake. Mkewe alikuwa mjamzito. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akafa. Bingwa wa Olimpiki aliwekwa kwenye kambi ya wakimbizi hadi kampuni ya viatu ya Puma ilipomtoa na kumpeleka Ujerumani, ambako ilimpa kazi. Angalia mwaka: 1979. Miezi michache baadaye huko Marekani watu walipanga foleni kumtazama Rocky, ambaye mtoto wake naye alizaliwa kabla ya wakati, lakini akapona, na mama akaamka, na baba akashinda. Akii-Bua alirudi Uganda miaka ya themanini, akawafundisha wanariadha wa polisi, akafa Juni 1997 akiwa na miaka 47, mjane wa kiume, akiacha watoto 11. Serikali ikampa mazishi ya heshima.

Kwa nini zawadi huwa ni nyumba na gari, na kwa nini huandikwa jina moja? Hili halihusu mabingwa peke yao. Tuseme kijana wa Mahagi-Port anayecheza mpira vizuri anaitwa kwenda mjini Bunia, anapata timu, miaka minne mitano anapokea chochote kinachopatikana, kisha goti linagoma. Anarudi ziwani na kile alichookoa, ananunua injini ya mtumbwi. Injini ndiyo nyumba yenyewe hapa: inalipa shule, inalipa dawa, inaleta samaki ambao mkewe atawakausha na kuwauza ng'ambo, Panyimur. Mahari ilitolewa mbuzi na ng'ombe, wazee walikunywa, kila mtu ni shahidi. Kwenye ofisi ya serikali hakuna karatasi. Siku bwana akizama, na Albert lina upepo usiotoa taarifa, mashemeji wanafika kuchukua injini kabla tanga halijaanuliwa.

Sheria ya Kongo imesogea mbele kuliko desturi. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mumewe kabla ya kutia sahihi mkataba. Marekebisho ya Julai 2016 yaliifuta ruhusa hiyo. Na wanandoa walioandikishwa ambao hawakuchagua mfumo mwingine wa mali, sheria inahesabu walichokipata ndani ya ndoa kuwa cha wote wawili. Ila lazima uwe umeandikishwa. Ningekuwa natengeneza sinema ya mwanasoka aliyestaafu mkoani kwetu Ituri, ningeweka dakika kumi nzima za mke kwenye foleni ya ofisi ya hali ya kiraia, kwa kiti kimoja kinachogombaniwa na watu sita, na mume anayesema nyumbani kuna kazi.

Pale ambapo anayelisha ni mwanamke, mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Rebecca Cheptegei, Mganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris tarehe 11 Agosti 2024. Alikuwa amejenga Endebess, upande wa Kenya, karibu na alikokuwa akifanyia mazoezi. Mwanzoni mwa Septemba mwanaume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli na kumwasha moto. Alifariki Eldoret tarehe 5, na mwanaume naye akafa kwa majeraha siku chache baadaye. Chanzo kilichotajwa ni ugomvi wa ardhi, kiwanja na nyumba ambavyo mbio zake ndizo zilizovinunua. Miaka mitatu kabla yake, Iten, hukohuko Kenya, mwanariadha Agnes Tirop alikuwa ameuawa nyumbani kwake, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake pekee, na mumewe akashtakiwa. Wenzake wakaanzisha kikundi cha kuwasaidia wanariadha wanawake, wakakipa jina lake.

Nisionekane naona giza kila mahali. Mkenya Edna Kiplagat ana dhahabu mbili za marathoni ya dunia, 2011 na 2013, na kocha wake ni mumewe, Gilbert Koech, ambaye naye alikuwa mkimbiaji. Mbio zake mwenyewe alizipa nafasi ya pili. Nyumbani wamelea watoto wao pamoja na yatima wa dada yake Edna. Mwanaume anayeshika saa ya mazoezi ya mkewe, na kushika watoto pia, ni mhusika ambaye wanaume wengi kwenye mabenchi yetu hawajawahi kumwona kwenye kioo. Wangempigia miluzi dakika za mwanzo. Baadaye nadhani wangetulia, maana mwanamke anashinda, na kushinda wanakuelewa.

Ila kama ni kuchagua moja ya kuletwa Mahagi-Port, mimi ningeleta ya Ndaye. Filamu kutoka Uganda zinafika hapa kwenye kadi ndogo za simu, na sauti ya msimulizi wa Kiganda imeshapandishwa juu. Ya Mkongomani mwenzetu haina sababu ya kushindwa kuvuka nchi yake mwenyewe. Mwenye ukumbi atauliza kwanza, kama wanavyouliza wote, kama ndani yake kuna mapigano. Aambiwe ukweli: risasi ipo moja, ya mguuni, na ilishapigwa kabla kamera haijawashwa. Na vidole vyake avitoe kwenye kitufe cha kupeleka mbele.